Makohozi yamesafika, lakini mdogo wangu amekata tamaa: je, TB imempanda kichwani?

Swali: Daktari, shikamoo. Naandika kutoka Kibirizi, Kigoma. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 29, kazi yake ni uvuvi wa dagaa. Aligundulika na TB ya mapafu, VVU hana, na sasa ni miezi miwili na nusu anameza dawa. Kikohozi kimeisha, kilo zinarudi, na makohozi ya mwezi wa pili hayakuonyesha vidudu. Lakini mtu mwenyewe ni kama hayupo. Usiku halali, mchana anajifungia ndani, hata barazani hataki kukaa. Mke wake alipoambiwa ni TB alichukua mtoto wao wa miaka mitatu akaenda kwao Kasulu. Anasema yeye ni mzigo, bora angeliwa na ziwa. Juzi nilikuwa namtandikia kitanda nikakuta vidonge chini ya godoro. Tunamwambia ajikaze, yeye ni mwanaume. Shangazi anasema amerogwa, jirani anasema TB imempanda kichwani. Tufanye nini?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Umeeleza mambo mengi, na mengi yanaweza kusubiri hadi kesho. La vidonge chini ya godoro haliwezi, kwa hiyo tuanzie hapo.

Vidonge vilivyofichwa vina maana mbili. Huenda amechoka kumeza, anavipokea mkononi ili mumwache. Au huenda anavikusanya. Mtu aliyesema bora angeliwa na ziwa, halafu akakutwa na akiba ya vidonge, tusimchukulie kwa ile maana nyepesi kabla hatujamuuliza. Dawa za TB zikimezwa nyingi kwa mpigo ni sumu kali. Ikitokea, msisubiri dalili na msimtapishe. Mkimbizeni hospitali pamoja na pakiti za dawa, maana ipo tiba yake, ila inataka kuwahiwa.

Muulize leo. Kaa naye mahali pa faragha, asiwepo shangazi wala watoto, useme kwa maneno ya wazi: "Mdogo wangu, uliposema bora uliwe na ziwa, ulikuwa unawaza kujiua?" Watu wengi wanaliogopa swali hili wakidhani litamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Halimtii. Kama wazo lipo, anapata wa kulibeba naye. Kama halipo, atakwambia halipo. Akisema ndiyo, endelea bila kushtuka usoni: amewaza afanyeje, amewaza lini, anacho cha kutumia, amewahi kujaribu? Akiwa na njia aliyoichagua au siku aliyoiweka, huyo ni mgonjwa wa dharura kama anayevuja damu. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Kwa nyinyi mlio Kibirizi, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni si mbali. Mpaka afike, asiachwe peke yake, usiku mkipokezana, na asiende ziwani.

Akisema hapana, bado vidonge vyote vihamie kwako, mahali pa kufungwa kwa ufunguo, na utoe vya siku moja kwa siku moja. Sumu ya panya na dawa za kuulia wadudu ziondoke kabisa nyumbani, msizifiche tu. Wazo la kujiua huja kwa mawimbi, likapanda na kushuka. Mtu asipokuta kitu cha karibu wakati wimbi limepanda, mara nyingi linashuka akiwa hai.

Vile ulivyovikuta vihesabu, andika idadi, vitie kwenye bahasha, na uende naye kliniki ya TB ndani ya siku mbili. Muuguzi atalinganisha na kadi ya matibabu na kuamua kama siku alizoruka zinahitaji kufidiwa au makohozi yapimwe tena. Asimeze dozi mbili kwa siku ili kufidia. Wala msimgombeze. Ukimgombeza, safari ijayo atavificha mahali ambapo hutavikuta.

Sasa jirani. Hajasema upuuzi. Vidudu vya TB vinaweza kutoka mapafuni kwa njia ya damu vikafika kwenye utando unaofunika ubongo. Lakini hali hiyo ina alama zake: kichwa kinachouma kikizidi siku hadi siku, homa inayorudi, kutapika, shingo kukaza, kuona vitu viwiliviwili, usingizi mzito usio wa kawaida, maneno yasiyoeleweka, degedege. Mtu wa namna hiyo hakai ndani kwa huzuni, anapotea fahamu kidogokidogo. Katika maelezo yako sioni hata moja ya alama hizo. Muulize hata hivyo, na akiwa nayo ni hospitali leo. Mtazame na macho. Yakiwa ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, kichefuchefu kisichoisha, ini limeanza kuumizwa na dawa, na ini likiumia sana huvuruga na akili. Hapo asimeze dozi inayofuata kabla hajaonwa. Mkojo wa rangi ya chungwa usiwatishe, hiyo ni rifampisini tu, mojawapo ya dawa zake za TB.

Lipo jambo la tatu ambalo halisemwi nyumbani na wakati mwingine hata kliniki linasahaulika: dawa yenyewe inaweza kugusa akili. Katika vidonge alivyomeza miezi miwili ya kwanza, vyenye dawa nne, na katika hivi vya sasa vyenye dawa mbili, mna isoniazidi. Dawa hii ndiyo nguzo ya tiba ya TB, lakini huondoa mwilini vitamini B6, ambayo mishipa ya fahamu na ubongo vinaihitaji. Mwenye upungufu huanza na ganzi au kuungua nyayo na vidole. Wachache hupata hasira za ghafla, kukosa usingizi, huzuni, na mara chache sana kusikia sauti zisizokuwepo au kushuku kwamba watu wanamsema. Hatari huwa kubwa zaidi kwa aliyekonda sana kabla ya kuanza dawa, mnywaji wa pombe, mwenye kisukari, mwenye VVU na mama mjamzito.

Ndiyo maana hutolewa kidonge kidogo cha piridoksini, yaani hiyo vitamini B6 yenyewe, kwa kawaida miligramu 25 kwa siku. Angalia kama anacho. Watu wengi hukiacha wakidhani ni vitamini ya kawaida isiyo na kazi, au kiliisha kituoni mwezi mmoja na hakuna aliyeulizia tena. Nisieleweke vibaya: piridoksini si dawa ya huzuni, na kuipata hakutamrudisha kama alivyokuwa wiki ijayo. Lakini ni aibu kumtafutia mtu tiba ya roho huku kidonge cha bei ndogo, ambacho huenda kukikosa ndiko kunakomkosesha raha, hakijarudishwa. Akiwa anasikia sauti au anashuku watu, semeni siku hiyohiyo. Daktari ataamua kama isoniazidi isimamishwe na ibadilishwe na nini. Msiisimamishe nyinyi.

Kwa kuwa wewe uko mwaloni, niongeze la samaki. Isoniazidi huzuia mwili kuvunja kemikali inayojijenga ndani ya samaki aliyekaa hadi kuanza kuharibika. Anayemeza dawa hii akimla, muda mfupi baadaye uso humwaka, moyo humwenda mbio, kichwa humgonga. Akishaambiwa amerogwa, tukio kama hilo litaonekana ushahidi kamili. Dagaa waliokaushwa vizuri na migebuka wa leo ni chakula chema sana kwake. Wale waliolala juani tangu jana awaepuke.

Tukishavuka hayo ndipo nafika kwenye ninachodhani mdogo wako anacho, yaani sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Kuitambua kwa mgonjwa wa TB kuna mtego. Kukonda, kuchoka, kukosa hamu ya kula na kulala vibaya ni dalili za sonona, lakini ni dalili za TB pia. Mwezi wa kwanza hakuna anayeweza kuzitenganisha vizuri. Vidudu vikiwa vingi, kinga ya mwili hutoa kemikali zinazofika hadi kwenye ubongo na kumfanya mtu ajikunyate, asitake watu wala chakula. Hata mtoto mwenye malaria huwa hivyo. Zipo dalili nne ambazo mapafu hayawezi kuzieleza: kutofurahia kitu alichokuwa anakipenda, kujiona hana thamani, kukosa tumaini la mbele, na kutamani kufa. Mdogo wako anazo, na anazo wakati kikohozi kimeisha na kilo zinapanda. Mwili unaelekea juu, moyo unaelekea chini. Njia zikishapishana hivyo, TB peke yake haitoshi kuwa sababu. Zikidumu karibu kila siku kwa wiki mbili, ni ugonjwa wa pili unaohitaji tiba yake.

Kliniki wanaweza kutumia maswali tisa, kila moja likiwa na alama kuanzia 0 hadi 3 kulingana na dalili ilivyomsumbua wiki mbili zilizopita. Jumla ni 27. Anayefika 10 anahitaji msaada, na swali la tisa, la kutamani kufa, likijibiwa hata kwa alama moja halipitwi bila mazungumzo. Kama muuguzi ana foleni ndefu, mwombe wazi: "Naomba umpime na sonona." Ukisema tu "hana raha," utaambiwa atazoea.

Sasa kuhusu "jikaze." Najua linatoka kwenye upendo. Lakini msikilizeni yeye analisikiaje. Anajua mwanaume hukaza, na anajua hawezi, kwa hiyo kila mkilisema mnamhakikishia kwamba ameshindwa. Ustahimilivu haukai kifuani kama mfupa wa kuzaliwa nao, huyu akawa nao na yule akaukosa. Unajengwa kumzunguka mgonjwa: dawa isiyomdhuru, usingizi, chakula, mtu mmoja anayemwamini, kazi inayolingana na nguvu zake, na ukweli kuhusu ugonjwa wake. Mdogo wako amepoteza karibu vyote kwa mpigo, na bado alimeza dawa hadi makohozi yakasafika. Huo ni ukakamavu mkubwa, na sidhani kama kuna mtu amemwambia hivyo. Mwambie wewe. Mahali pa "jikaze" weka swali: "Leo kipi kimekulemea zaidi?" Kisha nyamaza usikilize, hata akikaa kimya dakika tano.

Wakati wa kumeza, kaa naye. Mfumo wa tiba ya TB ambao baadaye dunia nzima iliuita DOTS ulijengwa kwa sehemu kubwa hapa Tanzania kuanzia mwaka 1977, na ndani yake yumo msimamizi anayemwona mgonjwa akimeza. Wengi wameugeuza usimamizi huo kuwa upolisi: "Fungua mdomo nione." Ufanyeni kuwa nafasi ya kukutana. Saa moja asubuhi, chai na vidonge, dakika kumi za maongezi yasiyohusu ugonjwa. Dawa hizi hufyonzwa vizuri tumbo likiwa tupu, lakini kama zinamtia kichefuchefu, ameze na uji kidogo. Kidonge kilichomezwa na uji ni bora kuliko kile cha chini ya godoro.

Usingizi wake unataka kutazamwa kivyake, maana huyu ni mvuvi wa dagaa. Kwa miaka mingi amekesha ziwani na taa, akalala mchana. Saa ya mwili wake imefungwa kinyume na yenu. Kukosa usingizi usiku kwa mtu kama huyo kunatokana na sonona kwa sehemu na mazoea ya kazi kwa sehemu, na sehemu hiyo ya pili hurekebishika kwa utaratibu. Aamke saa ileile kila siku, tuseme saa kumi na mbili na nusu, hata kama hakulala. Atoke nje akae kwenye mwanga nusu saa. Mchana asilale zaidi ya nusu saa, wala asilale baada ya saa tisa. Kahawa, ambayo kwa watu wa Ujiji na Kibirizi haikosekani jioni, aiache baada ya saa sita mchana. Kitandani apande akiwa na usingizi tu. Akikaa macho kwa muda unaofika kama dakika ishirini, anyanyuke akae mahali pengine mpaka usingizi umjie. Siku tatu nne za mwanzo zitakuwa ngumu zaidi kuliko sasa. Hesabu wiki mbili kabla ya kusema haikufaa.

Na tafadhali msimnunulie diazepamu, ile dawa ya kuleta usingizi, kwenye duka la dawa. Rifampisini huliamsha ini lichakate dawa nyingi haraka kuliko kawaida, diazepamu ikiwemo. Mtu anameza kidonge, hakimshiki, anaongeza, na baada ya wiki chache ana ugonjwa wa tatu. Pombe ndiyo mbaya zaidi. Inaongeza mzigo kwenye ini linalopambana na dawa, inavunja usingizi usiku wa manane, na humwondolea mtu woga wa kufa. Kama alikuwa anakunywa gongo kila siku akaacha ghafla, na sasa anatetemeka na kuona vitu, hiyo ni dharura nyingine ya hospitali.

Chakula nitakipitia upesi, kwa sababu kilo zinarudi. Ugali wa muhogo mtupu unashibisha bila kujenga. Dagaa, maharage, yai, karanga na mawese kidogo vitosheleze pengo hilo, milo midogo minne ikiwa mikubwa miwili inamshinda. Apimwe uzito kila mwezi, maana idadi ya vidonge hufuata kilo. Aliyenenepa anaweza kuhitaji kuongezewa.

Tatizo la pesa lina uzito kuliko watu wa hospitali wanavyofikiri. Dawa za TB zinatolewa bure, lakini miezi miwili na nusu bila kuingia ziwani si bure. Huenda anadaiwa na tajiri mwenye mtumbwi, huenda mgao wake amepewa mwingine. Hapo ndipo neno "mzigo" linapozaliwa, na huwezi kulifuta kwa kumwambia asiwaze.

Kuna njia ya kuongea ambayo hata asiye daktari anaweza kujifunza. Nchini Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuzungumza na watu wenye kile Washona wanachokiita kwa maana ya "kuwaza kupita kiasi," sawasawa na sisi tunavyosema "ana mawazo." Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba baada ya miezi sita waliozungumza na bibi hao walikuwa na dalili chache za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wanachofanya si kutoa ushauri. Wanamwacha mtu ataje matatizo yake yote, wanamwomba achague moja, wanatafuta naye njia kadhaa za kulipunguza, anachagua hatua ndogo ya wiki hiyo, na wiki inayofuata wanauliza ilikwendaje.

Jaribu hivyo. Chukua karatasi, andika anavyotaja bila kubishana: deni, mke, usingizi, aibu mbele ya wenzake, mapafu yatarudi au hayatarudi. Achague yeye, si wewe. Tuseme amechagua deni. Hatua ya wiki hii isiwe "kulipa deni," maana ataishindwa na kujiona bure zaidi. Iwe "kumtuma mtu amwite tajiri tuzungumze Jumamosi." Ikishindikana, mnauliza nini kilizuia, mnaipunguza zaidi. Watu hukosea hapa kwa kuweka hatua kubwa, au dada kuitekeleza badala ya mgonjwa. Ukimfanyia kila kitu unamthibitishia kwamba yeye ni mzigo kweli.

Kuhusu kazi, asirudi ziwani usiku kwa sasa. Baridi haileti TB, hilo lisiwatie hofu, lakini kuvuta wavu usiku kucha kunataka nguvu ambazo bado hazijarudi, na mtu mwenye wazo la kuliwa na ziwa hawekwi juu ya maji. Subirini mbalamwezi. Siku zile mwezi umejaa dagaa hawaji kwenye taa, wavuvi wanabaki nchi kavu wakishona nyavu na kutengeneza mitumbwi. Hiyo ndiyo siku ya kumrudisha kati ya wenzake: kazi ya kukaa, mikono inajua inachofanya, na maongezi yapo bila yeye kuwa ndiye habari. Saa moja siku ya kwanza inatosha. Asingoje ajisikie vizuri ndipo atoke; kwa sonona mpangilio huwa kinyume, mtu hutoka kwanza na nafuu hufuata nyuma taratibu.

Shangazi msimpige vita. Ukimwambia imani yake ni ujinga atafanya kwa siri, na cha siri huja na dawa ya kunywa. Mkubalieni dua, kisomo, maombi, kila kinachompa mgonjwa utulivu na watu wa kukaa naye. Shikilieni mambo mawili: asinywe mizizi wala unga wowote, kwa sababu ini tayari lina kazi kubwa, na asikatishwe vidonge hata siku moja. Ramadhani ikimkuta bado kwenye dawa, mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga. Na kiongozi wa msikiti akilisema hilo kwa kinywa chake, lina nguvu kuliko la muuguzi.

Kama alama zake za yale maswali tisa ni za juu, au mmefanya haya kwa wiki tatu nne bila mabadiliko, daktari anaweza kumwanzishia dawa ya sonona. Mwambieni mwandikaji dawa kwamba yuko kwenye rifampisini, kwa sababu amitriptilini na nyingine kadhaa hupungua nguvu ikiwepo; na rifampisini ikiisha baada ya miezi sita, kiwango cha dawa hizo kinaweza kupanda mwilini, kwa hiyo dozi ipitiwe upya. Dawa ya sonona haifanyi kazi siku ya kwanza. Inachukua wiki mbili hadi nne, na wiki za mwanzo zinaweza kuja na wasiwasi, basi uangalizi wa karibu usilegee. Akipata nafuu asiiache ghafla. Kwa kawaida huendelea miezi sita au zaidi baada ya kupona. Si dawa ya vichaa, na haimaanishi anapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe.

Wewe nawe una usingizi wa kuulinda. Zamu ya usiku gawaneni watu wawili au watatu, na mmoja awe mwanaume anayemheshimu.

Nimemwacha mke na mtoto mwisho kwa makusudi. Huyo mke hakukimbia kwa ubaya. Alisikia neno TB akachukua mtoto wake, na pengine hakuna aliyempa maelezo. Ukweli ni huu. TB inaenea kwa hewa, mgonjwa akikohoa, si kwa sahani, kikombe wala shuka. Mtu akishameza dawa sahihi kwa wiki mbili, uwezo wa kuambukiza hushuka sana, na wa mdogo wako makohozi yamesafika. Kama bado mnamtengea kikombe chake, leo kirudi kabatini na vingine. Kila anapokiona kinamsema. Lakini angalizo: usafi wa makohozi unasimama juu ya vidonge. Vikiendelea kwenda chini ya godoro, vidudu vinaweza kurudi vikiwa sugu, na mojawapo ya dawa za TB sugu, sikloserini, inajulikana hasa kwa kuleta sonona na kuvuruga akili. Mwambieni hilo kama taarifa, bila kumtishia.

Na yule mtoto wa miaka mitatu alikaa chumba kimoja na baba mwenye vidudu kabla dawa hazijaanza. Watoto chini ya miaka mitano ndio TB inaowashambulia haraka na kwa ukali, hata waliochanjwa. Anatakiwa kuchunguzwa: kikohozi, homa, uzito usiopanda, kutokuwa na nguvu ya kucheza. Akiwa na dalili atapimwa na kutibiwa; akiwa hana, atapewa dawa ya kinga. Huduma hiyo ipo Kasulu, hahitaji kuletwa Kigoma, na mama yake achunguzwe siku hiyohiyo.

Simu ya kumwambia mama wa mtoto hayo usiipige wewe. Mpe mdogo wako namba, kaa pembeni yake, apige yeye. Asianze na "rudi nyumbani." Aseme tu: "Mimi natibiwa, makohozi yamesafika. Mpeleke mtoto kliniki wiki hii, mwambie muuguzi baba yake ana TB. Kadi yangu nitaipiga picha nikutumie." Akishindwa kumaliza maneno siku ya kwanza, mjaribu tena kesho yake baada ya chai na vidonge, lakini wiki isipite.